Kamera Iliyovuka Mto

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa Kasulu kwa miaka mingi kabla hajawa mtu wa makumbusho. Watu wazima wengi wa mji ule walipigwa picha yao ya kwanza na yeye, wamekaa kwenye kiti kilekile cha mninga, nyuma yao pazia lililochorwa ziwa. Kisha wakaja vijana kutoka Kigoma na filamu za rangi na kamera ndogo zinazotoa mwanga zenyewe, na macho ya mjomba nayo yakaanza kuingia ukungu. Akafunga chumba cha giza. Lakini hakuuza kitu. Alizipanga kamera zake kwenye rafu katika chumba cha mbele, akaandika kwa rangi nyeupe juu ya kipande cha bati, MAKUMBUSHO YA KAMERA ZA ZAMANI, akakitundika juu ya mlango. Watu walicheka kidogo, halafu wakazoea.

Nilikuja kukaa naye katikati ya miaka ya tisini, nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi pale mjini. Mkewe alikuwa amefariki na hawakujaliwa mtoto. Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Yeye na mama yangu mzazi walivuka mto wa mpakani kutoka nchi ya ng'ambo kabla sijazaliwa, wakikimbia mambo yaleyale ambayo watu walikuwa wakiyakimbia tena wakati ule. Hayo hakupenda kuyazungumza. Alikuwa raia, alikuwa mzee wa kanisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kasulu kabisa, isipokuwa akikasirika.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, dirisha moja, na mvua ikinyesha hukusikia kitu kingine zaidi ya bati. Kulikuwa na kamera kubwa ya mbao, ya miguu mitatu, aliyoachiwa na padri mmoja. Kulikuwa na kamera za boksi, na za kukunja zenye ngozi ya mikunjo kama kinanda cha kuvuta, na zile za lenzi mbili ambazo mpiga picha huzishika tumboni akainama kutazama kwa juu, kama mtu anayechungulia kisima. Baadhi zilikuwa zake tangu ujana. Nyingine aliletewa. Mtu akikimbia hubeba kile kilichokuwa kinamlisha, na kati ya waliovuka walikuwamo waliobeba kamera. Wakifika huku wanakuta filamu hakuna na njaa ipo. Mjomba alizipokea, naye akawapa alichokuwa nacho: unga, blanketi, jembe.

Na alikuwa na desturi moja. Kila aliyemletea kamera alimpiga picha akiwa ameishika, na picha hiyo akaitundika ukutani chini ya kamera yake. "Kamera bila mtu ni bati tu," alikuwa akisema.

Kwa hiyo ukiingia mle ndani ulikutana na nyuso kabla hujaziona kamera. Zote zimekutazama wima, hakuna anayetabasamu, maana ni watu waliokuwa wanaagana na kitu chao. Wanafunzi wangu niliowaleta kutembea waliingia kwa kelele wakatoka kimya. Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza samaki wa migebuka sokoni, alikataa kabisa kuvuka kizingiti. Aliniambia, "Mwalimu, wale watu wa ukutani hamjui walifanya nini huko walikotoka."

Nilimjibu kwamba hata mitaani watu wapo ambao hatujui walifanya nini. Akanitazama, akajitwika beseni lake, akaondoka.

Mgeni alikuja siku ya gulio, masika yameshika, barabara yote tope jekundu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, koti limelowa, kovu limekata nyusi yake ya kushoto. Panga lake aliliegemeza nje ya mlango kama wengine wanavyovua viatu. Hilo halikunishtua. Vibarua wa kambi ya wakimbizi wote walitembea na panga, kwani ndilo walilofyekea mashamba ya watu.

"Amahoro," alisalimia kwa lugha ya ng'ambo. Mjomba akamjibu kwa Kiswahili, akamkaribisha.

Alizunguka taratibu, mikono nyuma. Alipofika kwenye rafu ya kati akasimama mbele ya kamera moja ya lenzi mbili, nyeusi, ngozi yake imebanduka pembeni. Alisimama muda mrefu mpaka nikainua kichwa kutoka kwenye madaftari niliyokuwa nasahihisha.

"Mzee, naweza kuishika?"

"Shika, mwanangu. Ila usiiangushe."

Aliigeuza. Kile kidude cha kuzungushia filamu hakikuwa cha kiwandani. Cha asili kilikuwa kimevunjika, mahali pake pamewekwa kipande cha pembe ya ng'ombe kilichochongwa vizuri. Alikigusa kwa kidole gumba, akakizungusha kidogo.

"Pembe hii niliichonga mimi," alisema.

Mjomba alifurahi. Hakuwa anauona uso wa mtu vizuri wakati ule, alisikia sauti tu, na sauti ya mgeni ilikuwa tulivu. Mimi niliuona uso. Nikatamani mjomba anyamaze, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Ohoo, basi utakuwa unamfahamu aliyeniletea," mjomba alisema. "Huyo hapo chini kwenye picha. Mtu mwema sana. Yuko Makere sasa, ameoa huko, anatengeneza sabuni."

Mgeni akainama kuitazama picha. Kijana mwembamba, shati la kuazima, kamera ameishika kwa mikono miwili kifuani kama anayebeba kuku.

"Kamera hii ni ya kaka yangu," alisema mgeni.

Mvua ilikuwa imepungua. Mjomba akauliza, polepole, "Na kaka yako yuko wapi?"

"Hilo ndilo nataka nimuulize huyu."

Akairudisha kamera mahali pake, akashukuru, akachukua panga lake, akaenda zake. Mjomba alibaki amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja juu ya rafu. Kisha akasema neno moja kwa lugha ya nyumbani ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka, akakaa chini.

Tulidhani mgeni angekwenda Makere siku ileile. Hakwenda. Gulio lililofuata akarudi, akaegemeza panga mlangoni, akaketi kwenye benchi linaloelekea ile picha. Hakusema lolote zaidi ya salamu. Alikaa mpaka watu walipoanza kufunga biashara, akaondoka. Gulio jingine vivyo hivyo. Alikuwa mstaarabu, akipewa chai anapokea kwa mikono miwili. Lakini macho yake hayakutoka pale ukutani, na wale wachache waliokuwa wakija kutazama kamera waliacha kuja. Hata aliyekuwa hajui kitu alikuwa akiingia, anamwona, anageuza.

Siku moja nilimuuliza, "Kaka, unatafuta nini kwenye ile picha?"

"Najifunza sura yake, mwalimu," alinijibu. "Sitaki nije nikakosea mtu."

Usiku ule nilimwambia mjomba tuiondoe picha. Alikuwa anamenya karanga.

"Tukiiondoa itabaki alama nyeupe ukutani," alisema. "Naye atakaa aitazame alama."

"Basi tufunge mlango siku za gulio."

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia mtu alipo mwenzake. Kufunga mlango sasa kunasaidia nini?" Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Nenda Makere. Mwambie."

Wakati ule habari zote zilikuwa mbaya. Watu wa Kitanga, kule mpakani, walisema asubuhi nyingine husikia milio kutoka ng'ambo, kama mtu anatwanga mbali. Malori yaliyofunikwa turubai yalipita yakielekea kambini, na ndani yake watu wamesimama hawaongei. Pale mjini mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo, hata kama amezaliwa hapa, alianza kuongea kidogo. Nilikwenda Makere Jumamosi, nimepakiwa kwenye gari la muhogo, nikijua kwamba ninachokibeba hakitampendeza yeyote.

Muuza sabuni nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachemsha mawese kwenye pipa lililokatwa, anakoroga kwa mti mrefu. Alikuwa amenenepa kuliko kwenye picha. Mkewe, dada mmoja Muha wa palepale Makere, alikuwa anapukuchua maharage, mtoto mgongoni. Alinipa kigoda, akanisalimu vizuri. Nilimwomba mumewe tusogee pembeni, nikamweleza kwa maneno machache.

Hakuniuliza mtu huyo ni nani. Aliuliza, "Ana kovu kwenye nyusi?"

"Ndiyo, ya kushoto."

"Basi ni mdogo wake yule mpiga picha mwenye kamera. Siku ya harusi ya dada yangu ndiye aliyekuwa anamshikia kaka yake taa." Akatazama pipa lake. Povu lilikuwa linapanda, akalipiga kwa mti likashuka.

"Unaweza kuondoka," nilimwambia. "Kibondo kuna makambi, kuna watu wengi, huwezi kuonekana."

"Niende wapi tena, mwalimu? Nilishavuka mto." Akakoroga. "Mwambie mzee nitakuja gulio lijalo. Na tafadhali, mama watoto asijue."

Niliporudi pale kwenye maharage yule dada aliniuliza, "Mnataka sabuni nyingi?" Nikamwambia ndiyo. Akanifungia mche mmoja kwenye jani la mgomba niende nao nyumbani.

Siku ya gulio muuza sabuni alitangulia. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Mjomba alimkalisha karibu na dirisha, mimi nikakaa karibu na mlango. Tulisikia hatua za mgeni kwenye kokoto, tukasikia panga likiegemezwa. Alipoingia tu, nilitoka, nikalichukua lile panga, nikarudi nalo ndani, nikaliweka sakafuni chini ya benchi langu na miguu yangu juu yake. Aliniona.

Wakatazamana. Niliwahi kufikiri kwamba mtu akikutana na adui wake kitu hutokea mara moja. Hapakutokea kitu. Nje mama wa migebuka alikuwa anagombana na mteja.

"Ulimuua?" mgeni aliuliza.

"Oya," alijibu muuza sabuni. Hapana. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu yetu, au kwa sababu lugha ya nyumbani ilikuwa nzito mno kwa maneno yale. "Nililala kwenye kahawa. Nilikuwa namwona kama ninavyokuona wewe."

Alieleza bila kupandisha sauti. Walikuwa wanakimbia kundi zima kuelekea mtoni. Yeye alikuwa nyuma, aliposikia watu mbele akajitupa kwenye shamba la kahawa. Barabarani palikuwa na kizuizi. Kila aliyefika aliulizwa maswali, wengine wakapita, wengine hawakupita. Mpiga picha alipofika, kiongozi wa wale watu alimtambua.

"Akasema, huyu ndiye aliyetupiga picha za vitambulisho sisi wote. Anatujua kwa sura, mmoja mmoja. Basi. Hawakumuuliza tena kitu."

Mgeni alikuwa ameketi sasa. "Na wewe ukachukua kamera."

"Asubuhi yake. Walikuwa wameitupa. Nilikuwa sina kitu, hata viatu. Niliichukua, ndiyo. Mzee akanipa jembe na blanketi, na ndivyo nilivyoanza maisha." Akameza mate. "Lakini kabla ya kuichukua nilimfukia. Kwa mikono, kwenye mtaro wa kahawa. Si kwa kina. Nilikuwa naogopa."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, mama yetu yuko kambini anauliza kila anayevuka."

"Ningemwambia nani? Wale watu wa kizuizini nao walivuka. Wengine wapo hapahapa, tunakinga maji bomba moja. Mimi pia nawajua kwa sura."

Mjomba akageuza kichwa kuelekea ukutani aliposikia hivyo, ingawa hakuwa anaona. Mimi niliziona nyuso zile zote. Sikuweza tena kusema nani kati yao alikuwa amelala kwenye kahawa na nani alikuwa amesimama barabarani.

Mgeni aliinua macho kwenye ile picha. Kisha akasema, "Nipeleke."

"Huko kuna vita."

"Najua. Nipeleke, nimtoe mtaroni, nimlaze kama mtu. Baada ya hapo sitakudai neno."

Mjomba alijaribu kuwazuia. Aliwaambia wasubiri kiangazi, wasubiri amani, mfu hana haraka. Muuza sabuni ndiye aliyekata shauri. "Baba, nimechoka kumwota," alisema. "Twende tuimalize."

Mjomba akapapasa rafu, akaishusha kamera, akamnyooshea mgeni. Huyu akakataa kwa mkono. "Iache. Kule tunakokwenda kubeba kamera ni kubeba kifo."

Nikamrudishia panga lake.

Waliondoka alfajiri ya siku ya tatu, wakipitia Kitanga, ambako kuna vijia vinavyoshuka hadi mto Malagarasi. Muuza sabuni alimwambia mkewe anakwenda kutafuta mawese ya bei nafuu. Wiki ya kwanza ilipita. Wiki ya pili yule dada akaja Kasulu kwa miguu, mtoto mgongoni, akanikuta shuleni. Alisimama nje ya dirisha la darasa mpaka nilipomaliza somo.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiye uliyekuja siku ile, na tangu siku ile mume wangu hakula vizuri. Mmempeleka wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote niliyoyajua, nimesimama pale uwanjani watoto wakicheza. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akasema, "Kumbe." Akamrekebisha mtoto mgongoni, akashika njia ya kurudi Makere. Nilimwomba alale kwetu, hakugeuka.

Kusubiri kule kulimzeesha mjomba. Alikuwa akisikia hatua kwenye kokoto anasimama. Alianza kunituma kwenye benchi la mbele niangalie kama kuna mtu amekaa. Na mimi nikawa siingii chumba kile bila sababu. Mchana mmoja niliingia kufagia nikajikuta nafagia huku nimeupa ukuta mgongo, kisha nikaona hivyo ni vibaya zaidi, nikageuka, nikafagia nikiutazama.

Mwezi ulikuwa umeshakatika aliporudi mmoja wao.

Alikuwa mgeni. Aliingia jioni, jua bado lipo. Hakuwa na panga wala koti, na miguu yake ilikuwa imevimba. Akakaa kwenye benchi lilelile. Nilimletea maji, akanywa yote, nikamletea mengine. Mjomba akasema, "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

Tulikaa tukamsubiri. Alisema walifika. Mahali palikuwa palepale, kahawa imegeuka pori, hakuna wa kuipalilia. Muuza sabuni alikwenda moja kwa moja kwenye mtaro bila kutafuta, akaonyesha kwa kidole. Walimtoa kaka yake, wakachimba kaburi la kweli juu kidogo kwenye mwinuko, wakamzika. Muuza sabuni aliimba wimbo wa mazishi, kwa sauti ya chini, nzito. Walikuwa wamekaa pamoja siku nyingi njiani, wamekula muhogo mbichi mmoja nusu kwa nusu. "Nilikuwa nimeshamsamehe, mzee. Hata sijui lini."

Kurudi ndiko kulikoharibika. Walipofika karibu na mto, muuza sabuni alitangulia kutazama kivuko kama kuna watu. Yeye mgeni alibaki amejificha kwenye mafunjo. Watu wenye silaha walikuwa wamekaa kando ya maji.

"Walimuuliza, uko na nani? Nilisikia kila neno. Akasema, niko peke yangu. Wakamuuliza tena, wakampiga, akasema, peke yangu. Wakampandisha kwenye njia ya mlimani. Baadaye nikasikia mlio mmoja."

"Na wewe?" mjomba aliuliza.

"Nililala kwenye mafunjo. Nilikaa mpaka walipoondoka. Kisha nikavuka." Alitazama mikono yake. "Nililala tu, mzee. Kama yeye alivyolala."

Mjomba alinyoosha mkono, akatafuta bega lake, akalikuta, akauacha mkono pale.

Kesho yake tulikwenda Makere, mimi na yeye. Mjomba alitaka kuja lakini hakuwa na nguvu. Njiani mgeni aliniuliza aanze na neno gani, nikamwambia sijui. Mawingu yalikuwa yametanda chini sana juu ya mikaratusi, na kila tuliyepishana naye nilihisi anajua tuendako.

Yule dada alikuwa uani. Pipa la sabuni lilikuwa limefunikwa, moto hakuna. Alipotuona tukiingia wawili, mimi na mtu mwenye kovu, aliweka chini ungo aliokuwa nao. Hakutukaribisha kukaa. Mgeni akaeleza akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Alieleza yote, hata mafunjo, hata neno lile "peke yangu". Hakujipunguzia.

Alipomaliza, mtoto alikuwa anatambaa kuelekea miguuni kwake, naye akasogea nyuma kumpisha.

"Ulimzika?" yule mwanamke aliuliza.

"Hapana."

"Mume wangu alimzika kaka yako. Kwa mikono."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hukumzika."

"Hapana, mama."

Hakulia mbele yetu. Alimwokota mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila kishindo. Tulisimama pale muda. Kisha kutoka nyumba ya jirani alitokea mama mmoja, akasikia ukimya ule, akaelewa, na kilio cha kwanza kilianzia kwake. Watu wakaanza kuja. Tukatoka kwa njia ya nyuma kama wezi.

Mjomba hakufungua tena chumba kile. Alisema watu wasije wakatafutana kwenye ukuta wake. Alizishusha picha zote akaniomba nizichome. Nilizichoma nyuma ya nyumba, moja baada ya nyingine, na yeye amekaa kwenye kigoda anasikiliza moto. Niliacha moja tu, nikaipeleka Makere mwenyewe, maana yule dada hakuwa na picha nyingine ya mumewe. Aliipokea mlangoni, akanishukuru, hakunikaribisha ndani. Kamera zenyewe zilibaki kwenye rafu, mlango umefungwa, bati la juu ya mlango likaanza kushika kutu. Mjomba aliishi miaka michache baada ya hapo. Mwishoni alirudia lugha yake ya utoto, akawa anaamka akiuliza kama mto umejaa.

Mgeni alibaki kambini na mama yake. Mvua za vuli zilipoanza, watu wa Makere waliniambia jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipokwenda kuona. Alikuwa anatembea kutoka kambini kabla ya jua, ana jembe, anaingia shamba la yule mjane, analima. Hakuwa ameitwa. Siku ya kwanza yule mjane alitoka, akamwona, akarudi ndani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliweka sahani ya ugali na maharage juu ya kisiki mwisho wa shamba, akaondoka. Alipomaliza kula, mgeni aliosha sahani kijitoni, akairudisha juu ya kisiki.

Alilima msimu ule, akalima na uliofuata. Wengine walisema ni toba, wengine walisema yule mwanamke ana moyo wa jiwe, na wapo waliosema ipo siku atatia kitu kwenye ile sahani. Nilipohamishiwa Kibondo, shule ya kule Busunzu, nilipitia Makere kuaga. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujainuka. Nilimwona mgeni kwa mbali anapalilia maharage, ameinama, na mjane amesimama mlangoni anamtazama mgongo. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea, alikuwa kati yao shambani, anaokota majani. Nilikaa pale barabarani kidogo nione kama kuna atakayemwita mwenzake. Gari likaja, nikapanda. Walikuwa bado hawajasalimiana.